Kukusanya sarafu za filamu ukiwa Tabora: kuanzia sarafu ya kwanza hadi seti kamili

Wengi wetu hapa Tabora tumezijua filamu za Star Wars, Harry Potter na James Bond kwenye vibanda umiza, au kwa flashi iliyojazwa muvi zilizotafsiriwa. Wachache wanajua kwamba filamu hizohizo zina sarafu zake, zilizotolewa kwa sheria ya nchi fulani, zenye thamani iliyoandikwa na, mara nyingi, kichwa cha mtawala upande wa pili. Ninapomwonyesha mtu, swali huwa moja: hii ni pesa kweli?

Ni swali zuri, na ndilo linalotenganisha mkusanyaji na mtu anayenunua mapambo. Sarafu yenye sura ya Darth Vader ni sarafu kwanza, filamu baadaye. Mnunuzi wa London anaingia dukani, anaishika, anaigeuza, ndipo analipa. Sisi tunalipa kwanza, kisha tunasubiri posta au ndugu anayerudi safari. Kwa hiyo mkusanyaji wa Tabora lazima ajue kuisoma sarafu kwenye picha ya simu, na ajue kuipima ikishafika.

Hatua ya kwanza: tofautisha sarafu na mapambo

Geuza upande usio na picha ya filamu. Sarafu ya kweli ina jina la nchi iliyoitoa (za Uingereza huwa na jina la mtawala badala yake), thamani yake (pensi, dola, euro) na mwaka. Vikikosekana jina la nchi au la mtawala, na thamani, hiyo ni medali au tokeni, hata kama inang'aa namna gani na hata kama ina cheti.

Mtandaoni utakutana na vifurushi vya sarafu za rangi ya dhahabu, kumi kwa bei ya moja, Yoda upande mmoja na maneno ya filamu upande mwingine. Hakuna nchi iliyotajwa. Mtoto atafurahi nazo, lakini usiziweke kwenye hesabu ya mkusanyo wako.

Jina linalowashangaza wanaoanza ni Niue. Hiki ni kisiwa kidogo cha bahari ya Pasifiki kinachotumia dola ya New Zealand, na tangu mwaka 2011 jina lake limekuwa likionekana kwenye sarafu za Star Wars zinazotengenezwa na kampuni ya New Zealand Mint. Tuvalu nayo, nchi nyingine ya visiwa vya Pasifiki, imetoa sarafu za James Bond na za mashujaa wa Marvel kupitia Perth Mint ya Australia. Nchi ndogo inaruhusu jina lake litumike, inalipwa, na sheria yake inaitambua sarafu hiyo. Mtu akikuambia ni feki kwa sababu hakuna anayenunulia mkate Niue, mwambie asome maandishi yaliyo pembeni ya kichwa.

Hatua ya pili: chagua seti moja yenye mwisho

Hapa ndipo ningekusihi utulie. Sarafu za Star Wars za Niue zimekuwa zikitoka mwaka baada ya mwaka: za fedha, za dhahabu, za rangi, zenye umbo la kofia ya chuma, zenye umbo la bango la filamu. Mtu mwenye kipato cha kawaida akiamua kuzikusanya zote hatamaliza, na mkusanyo usiomalizika unachosha moyo na mfuko. Anza na seti inayohesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Kwa anayeanza napendekeza pensi 50 za Uingereza. Zina pembe saba, kipenyo cha milimita 27.3 na uzito wa gramu 8, kwa hiyo ni rahisi kuzitambua na kuzitafutia kapsuli, yaani kikasha kigumu cha plastiki cha kuhifadhia sarafu. Royal Mint, kampuni inayotengeneza sarafu za Uingereza, ambayo kiwanda chake kiko Llantrisant, Wales, ilitoa seti ya Star Wars mwaka 2023. Ni sarafu nne: R2-D2 na C-3PO, Darth Vader na Mfalme Palpatine, Luke Skywalker na Leia, Han Solo na Chewbacca. Mwaka 2024 zikafuata nne nyingine za vyombo vya angani, ikiwemo Millennium Falcon na X-wing. Chukua nne za kwanza, zimalize, ndipo ufikirie za pili.

Seti ya Harry Potter ndiyo naipenda kuliko zote, na sababu yake iko upande wa kichwa. Ilianza mwaka 2022, miaka 25 tangu kitabu cha kwanza kitoke. Malkia Elizabeth II akafariki Septemba mwaka huohuo, seti ikiwa njiani. Matokeo yake, sarafu mbili za kwanza, ya Harry na ya treni ya Hogwarts, zina kichwa cha malkia. Mbili za mwisho, ya Dumbledore na ya shule yenyewe, zina kichwa cha Mfalme Charles III. Seti moja ya filamu imebeba tawala mbili. Ukiona mtu anauza zote nne zikiwa na kichwa cha malkia, funga ukurasa huo.

Kuna pia dubu Paddington, aliyepewa pensi 50 mwaka 2018 na 2019. Hizi zina sifa ambayo za Star Wars hazina: ziliingia mtaani kama chenji. Ile ya dubu akiwa stesheni ilitolewa milioni 5 na kidogo, na ile ya Mnara wa London milioni 9 na kidogo. Kama una shangazi au binamu anayeishi Uingereza, mwombe aangalie chenji yake ya dukani. Hii ndiyo njia pekee ninayoijua ya kupata sarafu ya mhusika wa filamu kwa thamani yake iliyoandikwa, bila faida ya mtu wa kati.

Wapenzi wa Lord of the Rings watafute za New Zealand za mwaka 2003, nchi ambako filamu zenyewe zilipigwa. Wanaotaka euro, Monnaie de Paris ya Ufaransa, kiwanda kilichoanza mwaka 864, ilitoa za Harry Potter mwaka 2021. Lakini hizo ziache kwanza.

Hatua ya tatu: soma tangazo neno kwa neno

Tangazo lina mambo manne ya kutafuta, na picha nzuri si mojawapo.

Madini. Pensi 50 ya kawaida ni shaba asilimia 75 na nikeli asilimia 25. Ile ya fedha ina fedha asilimia 92.5. Za Niue za wakia moja huwa na fedha ya 999, yaani karibu halisi. Neno la kuogopa ni "imepakwa": iliyopakwa fedha au dhahabu ina chuma cha bei rahisi ndani, na ile ngozi ya juu haina uzito wa kukurudishia pesa yako.

Namna ilivyochapwa. Herufi BU maana yake sarafu imechapwa vizuri na haijawahi kupita mikononi. Prufu ni daraja la juu: uwanja, yaani sehemu tupu isiyo na picha, unang'aa kama kioo, na picha imeinuka ikiwa na weupe kama ukungu. Bei zake zinaachana sana, na muuzaji asiye mwaminifu huchukua BU, akaipiga picha chini ya taa kali na kuiita prufu.

Idadi. Angalia kama namba iliyotajwa ni kikomo cha juu au ni idadi iliyotengenezwa kweli. Kiwanda kinaweza kutangaza kikomo na kisikifikie.

Kisha kasha na cheti. Kwa sarafu ya shaba na nikeli, ile kadi yake ya kiwandani ikiwa haijafunguliwa inatosha. Kwa ya fedha, usikubali bila cheti, kwa sababu nitakayoieleza kwenye kupima.

Uliza pia picha ya pande zote mbili na ya ukingo, zilizopigwa na muuzaji mwenyewe. Kwenye pensi 50 ya Harry Potter kuna alama ndogo inayobadilika ukiinamisha sarafu: mara unaona radi, mara unaona 25. Mwombe muuzaji video fupi akiiinamisha. Mwenye sarafu mkononi atakutumia kwa dakika chache; aliyeiba picha ya mwenzake atakuwa na hadithi ndefu.

Hatua ya nne: lipa, kisha ilete Tabora

Kulipa siku hizi si kazi ngumu. Kadi ya Visa au Mastercard ya mtandaoni unaifungua kwenye simu, kupitia akaunti yako ya pesa za simu au ya benki. Weka humo kiasi cha manunuzi na gharama zake, usiweke akiba yako nzima. Lipa ndani ya soko la mtandaoni lenye utaratibu wa kurudishiwa pesa. Muuzaji akikuambia mtoke nje ya soko ili akupunguzie bei, mshukuru na uendelee na mwingine.

Usafiri ndio unahitaji akili. Kanuni za Umoja wa Posta Duniani haziruhusu sarafu kutumwa ndani ya barua ya kawaida. Muuzaji atume kwa njia yenye namba ya kufuatilia na bima, na aandike ukweli kwenye fomu ya forodha. Usimwombe aandike "zawadi" au apunguze bei. Mzigo ukipotea, bima inalipa kile kilichoandikwa.

Anwani iandike kamili: jina kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, S.L.P., Tabora, Tanzania, na namba ya simu. Kama huna sanduku la posta, elewana na ofisi au taasisi unayofanya kazi kabla ya kutumia la kwao. Mzigo ukifika, unaweza kutakiwa kulipa ushuru. VAT ya Tanzania Bara ni asilimia 18, na kwa mzigo wa nje inahesabiwa juu ya thamani pamoja na usafiri na ushuru wa forodha. Ankara ya manunuzi iwe mkononi siku unayokwenda kuuchukua. Bila hiyo mnabishana juu ya bei.

Njia bora kuliko zote ni mkono wa mtu wako. Ndugu anayetoka Uingereza aiweke kwenye begi la mkononi. Akifika Dar na haji Tabora, asimpe kondakta wa basi bahasha tupu yenye jina lako. Aipeleke ofisi ya vifurushi ya kampuni ya basi, aeleze kilichomo, apewe risiti, akutumie picha ya risiti hiyo.

Hatua ya tano: ipime

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, na ndiyo inayofaa kupewa muda.

Anza na sumaku, hata ile ya spika mbovu. Fedha haishikwi na sumaku, wala pensi 50 haishikwi. Ikidakwa, kuna chuma ndani na mjadala umeisha.

Pili ni uzito. Unahitaji mzani unaosoma gramu hadi nukta mbili. Kama huna, nenda kwa sonara, lakini sema shida yako mapema:

"Shikamoo mzee. Naomba unipimie uzito tu. Usikwangue wala usitie dawa."

"Marahaba mwanangu. Ilaze hapo."

Usione haya kusema hivyo. Sonara amezoea kukwangua chuma kwenye jiwe ili ajue madini, na kwa mkufu hilo ni sawa. Kwa sarafu ya ukumbusho, mkwaruzo mmoja unaua thamani. Wakia moja ya fedha ni gramu 31.1. Ikisoma 28 au 25, iliyo mbele yako si wakia.

Tatu ni maji. Sarafu feki inaweza kutengenezwa iwe na uzito sahihi, ila ni vigumu sana iwe pia na ujazo sahihi. Nunua chupa ndogo ya maji ya betri kwenye duka la vipuri. Ni maji yaliyosafishwa, hayaachi doa. Soma lebo vizuri, maana asidi ya betri nayo huuzwa kaunta hiyohiyo. Weka kikombe chepesi cha plastiki chenye maji juu ya mzani, kisha rudisha mzani kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba wa kushonea, izamishe taratibu mpaka maji yaifunike yote, bila kugusa kitako wala kuta za kikombe. Shikilia uzi, soma namba. Hiyo namba ni uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu.

Sasa gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Gramu 31.1 za fedha halisi zitasoma karibu 2.96 kwenye maji, na jibu litakuwa kama 10.5. Shaba na nikeli ya uzito uleule itasoma karibu 3.5, jibu liwe kama 8.9. Tofauti hiyo mzani mdogo unaiona bila shida. Ukitoa sarafu, iweke juu ya kitambaa laini cha pamba na uifunike kwa kitambaa kingine, unyevu unyonywe. Usiisugue.

Kipimo cha maji usikitumie kwa prufu, kwa sarafu yenye rangi, wala kwa iliyofungwa kiwandani. Hapo ndipo cheti kinapohitajika. Pensi 50 ya fedha na ile ya shaba na nikeli zina kipenyo kilekile na uzito uleule wa gramu 8, kwa hiyo mzani peke yake hautakusaidia kuzitenganisha, na kuifungua ya fedha ili uitose majini ni kuiharibu. Nunua hiyo kwa muuzaji mwenye jina, ikiwa na kasha lake na cheti chake.

Sarafu ya tembo

Ukijulikana mjini kuwa unakusanya sarafu, ipo siku mtu atakuletea yenye tembo. Ni vyema uijue, kwa sababu hiyo ni ya hapa.

Wakati wa vita vya kwanza vya dunia, Wajerumani walipozingirwa na sarafu kutoka Ulaya zikakosa njia, walichapa zao hapa Tabora kwa mitambo ya karakana ya reli. Mwaka 1916 zilitoka heller, sarafu zao ndogo, za shaba na za shaba ya njano, na pia rupia 15 za dhahabu: tembo akiinua mkonga, mlima nyuma yake, na herufi T ya Tabora. Hizo za dhahabu zilizotengenezwa ni kama elfu 16 tu. Septemba mwaka huo Wabelgiji wakaingia mjini. Leo wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanaigombea hiyo rupia 15 minadani, na jina la mji wetu linatajwa kila inapouzwa.

Kwa sababu hiyo feki zake ni nyingi. Ya kweli ina uzito wa gramu 7.17 na dhahabu asilimia 75. Ukiletewa, fanya kama ulivyofanya kwa Star Wars: sumaku, uzito, maji, na lenzi kwenye herufi. Usinunue siku hiyohiyo, hata mwenye nayo akiapa kwamba ni ya babu yake. Heller 20 ya mwaka 1916 ndiyo ningekushauri uitafute, kwa kuwa zilitengenezwa nyingi na bei yake inafikika. Ikae kwenye albamu moja na Han Solo. Mimi sioni ubaya wowote.

Hatua ya sita: itunze

Shika ukingoni, kwa vidole vikavu vilivyooshwa, juu ya kitambaa au godoro ili ikidondoka isipige sakafu. Alama ya kidole kwenye prufu hubaki.

Usiisafishe. Majivu, ndimu na dawa ya meno vinang'arisha sufuria, lakini kwenye sarafu vinakula ngozi ya juu, na mkusanyaji mwenye uzoefu anaona mara moja. Fedha iliyoanza kuwa na kivuli cha njano au bluu iache hivyo.

Adui mkubwa ni plastiki laini yenye harufu kali, kama ile ya vifuko vya vitambulisho. Baada ya muda huachia uteute wa kijani unaokula chuma. Tumia kapsuli ngumu za akriliki zinazolingana na kipenyo. Pensi 50 inataka ya milimita 27 na nusu hivi, na za wakia moja pima kwanza, maana hazilingani zote. Usifunge kwa mpira wa manila wala kuzungushia gazeti, vyote vina salfa inayoipaka fedha weusi. Kabati la mbao nalo hutoa mvuke, kwa hiyo weka kapsuli ndani ya kopo la plastiki ngumu linalofunga vizuri, ndipo uliweke kabatini.

Kiangazi chetu ni vumbi, na kuanzia Novemba hadi Aprili ni unyevu. Ndani ya kopo tia vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na uvibadilishe mvua zinapoanza.

Hatua ya saba: daftari, na siku ya kuuza

Andika kila sarafu: nchi, thamani, mwaka, madini, uzito ulioupima mwenyewe, tarehe, bei kwa shilingi pamoja na usafiri na ushuru, na jina la muuzaji. Piga picha pande zote mbili. Nakala ya daftari iwe kwa mtu wa nyumbani unayemwamini, ili ukitangulia, wanao wasiziuze kwa uzito wa chuma chakavu.

Juu ya faida niseme wazi. Sarafu ya fedha ina kitu cha kuegemea: gramu zake mara bei ya fedha ya siku hiyo. Ya shaba na nikeli haina, na nyingi zikitoka kiwandani bei yake kwa mkono wa pili hushuka kabla ya kupanda, kama itapanda. Nunua kwa sababu unaipenda filamu na unaipenda sarafu, kwa pesa ambayo ada ya shule haiihitaji.

Siku ukiamua kuuza, uza seti nzima pamoja. Anayetaka Star Wars ya 2023 anataka zote nne. Ukimtolea mtu Vader peke yake, tatu zilizobaki zitakukalia. Chukua picha mpya siku ya kufunga mzigo, mwandikie mnunuzi kila dosari unayoiona, weka nakala ya cheti, na usimkabidhi mtu sarafu kabla ujumbe wa malipo haujaingia na hujakagua salio mwenyewe.